Maneno ya Kiingereza yanayofanana kwa tahajia: tambua dalili, tafuta chanzo, ndipo urekebishe

Orodha za maneno ya Kiingereza yanayochanganya ni nyingi, na karibu zote zina kasoro ileile. Humwaga jozi mia kwa mpigo mmoja, zimepangwa kwa alfabeti, kana kwamba makosa yote yana chanzo kimoja. Hayana. Anayeandika *form* akikusudia *from* ameponyokwa na vidole. Anayeandika *leave* akikusudia *live* amesikia sauti moja mahali ambapo Kiingereza kina mbili. Anayeandika *advise* akikusudia *advice* huenda anasikia vizuri kabisa, ila hajajiuliza anahitaji nomino au kitenzi. Na anayeandika *it's* akikusudia *its* anaijua kanuni, lakini anaitumia mahali pasipo pake.

Ukiwaambia wote wanne wakariri orodha, watatu watarudia makosa yao wiki ijayo. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye dalili. Chukua maandishi yako ya karibuni: barua pepe, insha, ripoti, hata ujumbe wa simu. Kusanya maneno ambayo mtu alikusahihisha au ambayo wewe mwenyewe uliyatilia shaka, kisha soma dalili zifuatazo moja moja uone kila kosa linaangukia wapi. Wengi hugundua kwamba makosa yao yamejazana mahali pawili tu.

Kwanza, kwa nini sikio halitoshi

Kiswahili hutulea vibaya kwa jambo hili kwa sababu hutulea vizuri mno. Mtu akishazijua irabu tano na konsonanti, anaweza kuandika neno ambalo hajapata kuliona, akapatia. Tunazoea kuliamini sikio. Kiingereza kina herufi zilezile tano za irabu, lakini katika matamshi sanifu ya Uingereza herufi hizo hubeba sauti zipatazo 20.

Historia nayo ilichangia. William Caxton alileta uchapaji Uingereza mwaka 1476, akaweka mtambo wake Westminster. Wakati huo irabu ndefu za Kiingereza zilikuwa katikati ya mabadiliko makubwa yaliyoanza karibu mwaka 1400 na kuendelea hadi karibu 1700. Uandishi ukaanza kuganda, matamshi yakaendelea kusogea. Maneno *meat* na *meet* yalikuwa na sauti mbili tofauti; leo ni sauti moja. Herufi *k* katika *know* na *w* katika *write* zilikuwa zikitamkwa. Kwa hiyo tahajia inayokuchosha leo mara nyingi ni kumbukumbu ya sauti iliyokwisha kufa, na hakuna sikio la leo, hata la Mwingereza, linaloweza kuisikia.

Dalili: kikagua tahajia kiko kimya, lakini sentensi haieleweki

Umeandika *The trail will begin on Monday*. Hakuna mstari mwekundu. Msomaji anabaki kujiuliza kama ni kesi mahakamani au ni njia ya msituni. Ulikusudia *trial*.

Kikagua tahajia cha kawaida hulinganisha neno moja moja na orodha yake. Neno likiwamo, linapita, liwe mahali pake au lisiwe. Programu za siku hizi huangalia pia sentensi nzima na kukamata baadhi ya makosa haya, lakini si yote. Hatari zaidi ni jozi ambazo herufi ni zilezile, mpangilio tu ndio umebadilika: *from* na *form*, *quiet* na *quite*, *diary* na *dairy*, *angel* na *angle*, *sacred* na *scared*, *united* na *untied*, *marital* na *martial*. Katika ripoti ya utafiti, *causal* na *casual* zinaweza kuharibu hoja nzima: ya kwanza inazungumzia sababu na matokeo, ya pili inazungumzia jambo la kupita tu.

Hapo jiulize swali moja: ningeulizwa ana kwa ana, ningejua tofauti? Kama jibu ni ndiyo, tatizo liko mkononi na machoni, wala halimo kichwani, na hakuna haja ya kukariri chochote. Jicho lililozoea kusoma halisimami kwenye kila herufi. Hulitambua neno kwa haraka, kisha linasonga. Kwa hiyo linyime jicho nafasi hiyo. Iachie kompyuta au simu ikusomee maandishi kwa sauti. *Quite* likisomwa "kwait" mahali ulipotarajia "kwa-yet", utashtuka papo hapo. *Diary* lina silabi tatu na huanza kwa "dai". *Dairy* lina mbili na huanza kwa "dea".

Kuna chanzo cha pili cha dalili hii ambacho watu hukisahau: simu yenyewe. Ukikosea kuandika *definitely*, simu inaweza kukuwekea *defiantly*, yaani kwa ukaidi. Ukiona katika ujumbe wako neno ambalo wewe hulitumii kamwe, usijilaumu kwa kutojua Kiingereza. Nenda kwenye mipangilio, zima usahihishaji wa kiotomatiki, acha mapendekezo peke yake.

Dalili: wewe unasikia neno moja, msomaji anaelewa kinyume

Hili ndilo kundi ninalolihofia kuliko yote, kwa sababu kosa huzaa sentensi sahihi. *I want to live here* ni mtu anayetaka kukaa. *I want to leave here* ni mtu anayetaka kuondoka. *I work at night* na *I walk at night* zote ni sentensi safi, na hakuna programu wala mhariri asiyekufahamu atakayejua kwamba ulikusudia nyingine.

Chanzo ni irabu. Mahali ambapo sisi tuna *i* moja, Kiingereza kina fupi na ndefu: *sit* na *seat*, *ship* na *sheep*, *fill* na *feel*, *this* na *these*. Mahali penye *u* moja kuna *full* na *fool*, *pull* na *pool*. *A* yetu ndiyo inayobeba mzigo mzito kuliko zote: *hat*, *hut*, *heart* na *hurt* katika vinywa vyetu wengi ni "hat" mara nne, ilhali ni kofia, kibanda, moyo na kuumia. Kwa baadhi ya wasemaji *l* na *r* nazo hukaribiana, ndipo *collect* na *correct*, *play* na *pray*, *flesh* na *fresh* zinapobadilishana nafasi.

Kujipima ni rahisi. Fungua kamusi ya mtandaoni yenye sauti, sikiliza jozi mara kadhaa, kisha funga macho, mtu mwingine abonyeze moja bila kukuambia. Ukikosea mara nyingi, umeujua ugonjwa. Usingoje sikio lijifunze ndipo uandike vizuri, maana sikio huchukua muda. Funga maana kwenye tahajia moja kwa moja. Mara nyingi *ee* na *ea* ni *i* ndefu, na *i* iliyobanwa peke yake kati ya konsonanti ni fupi. Nimesema mara nyingi kwa sababu *bread* na *head* zina *ea* na hazifuati.

Kwa *live* na *leave* ninapendekeza njia ya moja kwa moja: *leave* ina *a*, nayo *acha* na *aga* zinaanza kwa *a*. Anayeondoka huaga. Hiyo inatosha, na *live* litabaki na maana iliyobaki.

*Then* na *than* zimo humu pia, ingawa watu huzichukulia kama kosa la sarufi. Sauti ya *a* katika *than* huwa hafifu sana katika mazungumzo, nasi tunasikia "dhen" kwa zote mbili. *Then* ni ya wakati, nayo ina *e* kama *when*. *Than* ni ya kulinganisha, nayo ina *a* kama *compare*. Ukiwa umeandika *better*, *more*, *less* au kivumishi chochote chenye *-er* ya kulinganisha, neno linalofuata kabla ya kitu cha pili ni *than*.

Dalili: huna hakika kama konsonanti ni moja au mbili

Hapa kuna kanuni inayofanya kazi kuliko watu wanavyodhani. Konsonanti mbili huifupisha irabu iliyotangulia. Konsonanti moja ikifuatwa na irabu nyingine huiacha irabu ya kwanza iseme jina lake la alfabeti. Ndiyo maana *hoping*, kutoka *hope*, ni kutumaini, na *hopping*, kutoka *hop*, ni kurukaruka. *Later* ni baadaye, *latter* ni yule wa pili kati ya wawili. *Striped* ni yenye milia, *stripped* ni iliyovuliwa au kubanduliwa. Ukiandika *The work was planed*, umesema kazi ilipigwa randa.

Kwa hiyo rudi kwenye shina la neno. *Plan* lina irabu fupi, basi *planned* na *planning* zinahitaji *n* mbili ili irabu ibaki fupi. *Write* ina *i* inayosema jina lake, basi *writing* ina *t* moja. *Written* ina *i* fupi, basi *t* mbili.

*Desert* na *dessert* hazitii kanuni hii, na ni bora kuziweka kando kabisa. Kinachozitofautisha kwenye matamshi ni mkazo. Jangwa lina mkazo mwanzoni, kitindamlo kina mkazo mwishoni. *Dessert* imetokana na neno la Kifaransa la kuondoa vyombo mezani, kwa kuwa huliwa chakula kikishaondolewa. *S* mbili zikumbuke kwa sukari na sahani. Ila kuna mtego: kitenzi *desert*, yaani kutelekeza, kina *s* moja lakini hutamkwa sawasawa na kitindamlo.

Dalili: maneno yote mawili unayajua, hujui lipi liende wapi

*Advice* na *advise*, *breath* na *breathe*, *affect* na *effect*, *belief* na *believe*. Hapa mwandishi anajua maana, tena kwa Kiswahili ana neno la kila moja, lakini mkono unasita. Tatizo ni aina ya neno: moja ni nomino, lingine kitenzi.

Sarufi yetu inatupa kipimo ambacho sijakiona kwenye vitabu vya Kiingereza, kwa sababu Kiingereza hakina nyenzo hiyo. Tafsiri sentensi kichwani, kisha tazama neno lako limevaa nini. Limevaa kiambishi cha njeo, *na*, *li*, *ta* au *me*, au *ku* ya kitenzi? Hicho ni kitenzi. Linaweza kufuatwa na *huu*, *hii*, *haya*, *wake*? Hiyo ni nomino. "Ataniathiri" ni kitenzi, kwa hiyo *affect*. "Athari hii" ni nomino, kwa hiyo *effect*. "Alinishauri" ni *advised*. "Ushauri wake" ni *his advice*. Kipimo hiki huchukua nukta chache, nacho hakikuombi ukumbuke kanuni yoyote ya Kiingereza.

Ukishajua aina ya neno, bado unahitaji kujua tahajia ipi ni ya nomino na ipi ni ya kitenzi. Hapa Kiingereza, kwa mara moja, kina mpangilio mzuri, ukiacha *affect* na *effect*: kitenzi huishia kwa sauti ghuna, ile inayotetemesha koo, na nomino kwa sauti sighuna. Weka kidole kooni utamke "s" kisha "z", utaisikia tofauti. *Advice* huishia kwa "s", *advise* kwa "z". *Device* ni kifaa, *devise* ni kubuni. *Proof*, *belief* na *relief* huishia kwa "f". Vitenzi vyake *prove*, *believe* na *relieve* huishia kwa "v". Maneno kama *use* na *excuse* hayabadiliki kimaandishi, lakini mdomoni yanafuata mpangilio uleule.

Na sisi tuna bahati nyingine. Tunazo "th" na "dh" kama herufi mbili tofauti. *Breath* huishia kama mwanzo wa *thelathini*. *Breathe* huishia kama mwanzo wa *dhahabu*. Vivyo hivyo *bath* na *bathe*, *cloth* na *clothe*. Hiyo *e* ya mwisho haitamkwi. Kazi yake ni kukuambia kwamba "th" imekuwa "dh" na kwamba irabu imerefuka. Anayeandika *I can't breath* ameandika "siwezi pumzi".

*Lose* na *loose* ndizo zinazovuruga mpangilio huu, na ndiyo maana watu wengi, hata waliozaliwa na Kiingereza, huzikosea. *Lose* huishia kwa "z" na ni kitenzi: kupoteza au kushindwa. *Loose* huishia kwa "s" na kwa kawaida ni kivumishi: iliyolegea. Mpaka hapo sawa. Kinachopotosha ni *choose*, ambacho ni kitenzi chenye "z" lakini kina *o* mbili, hivyo mkono unataka kuiga na kuandika *loose*. Ishike hivi: kilicholegea kina nafasi, ndiyo maana *o* mbili zinaingia. Anayepoteza amepoteza hata *o* moja. *Losing*, *loser* na *lost* zote zinabaki na *o* moja.

Kuhusu *affect* na *effect*, kuna matumizi mawili ya nadra ambayo ni vizuri kuyajua ili yasikutikise ukiyakuta. *Effect* huweza kuwa kitenzi chenye maana ya kuleta au kutimiza, kama katika *to effect change*. *Affect*, yenye mkazo mwanzoni, ni nomino katika saikolojia, ikihusu hisia zinazoonekana kwa mtu. Kama huandiki mambo ya aina hiyo, yaache.

Jambo la pembeni lakini linakera: *advice* haihesabiki. Hakuna *an advice* wala *advices* katika maandishi ya kawaida. Ukitaka kuhesabu, andika *a piece of advice*.

Dalili: rise, raise, lie, lay

Waingereza wenyewe hugombana kuhusu hizi. Sisi hatuna sababu ya kugombana, kwa sababu tofauti hii tumezaliwa nayo. *Rise* ni *inuka* au *panda*. *Raise* ni *inua* au *pandisha*. *Lie* ni *lala*. *Lay* ni *laza*. *Fall* ni *anguka*. *Fell*, inaposemwa juu ya mti, ni *angusha*. *Sit* ni *keti*. *Set* ni *weka*. Kitenzi cha pili katika kila jozi kinahitaji mtendwa. Bei zilipanda: *Prices rose*. Walipandisha bei: *They raised prices*. Mtu yeyote anayejua Kiswahili hawezi kusema "bei zilipandisha", basi asiandike *prices raised*.

Ugumu wa kweli uko kwenye wakati uliopita. *Lie* ikienda wakati uliopita huwa *lay*, inayofanana kabisa na kitenzi kingine cha wakati uliopo. "Jana nililala kitandani" ni *Yesterday I lay on the bed*. "Nililaza kitabu mezani" ni *I laid the book on the table*. Fuatano ni *lie, lay, lain* kwa kulala na *lay, laid, laid* kwa kulaza. *Lie* ya kudanganya ni neno jingine, nalo ni jepesi: *lied*. Hizi nadhani zinafaa kukaririwa kama wimbo, maana hakuna ujanja unaozifupisha.

Dalili: ritifaa inakusumbua

*Its* au *it's*, *your* au *you're*, *whose* au *who's*, *their* au *they're*. Chanzo ni kanuni nzuri iliyopelekwa mbali. Umefundishwa kwamba ritifaa na *s* huonyesha umiliki, kama *the teacher's book*. Basi ukaona *its* nayo ya umiliki, ukaiwekea. Lakini viwakilishi hivi vya umiliki havichukui ritifaa hata kimoja: *his*, *hers*, *ours*, *yours*, *theirs*, *its*. Hakuna anayeandika *hi's*.

Ifungue ritifaa. Soma *it is* au *it has* mahali pake, *you are*, *who is* au *who has*, *they are*. Sentensi ikisimama, ritifaa ibaki. Ikianguka, iondoe. *The dog wagged it is tail* imeanguka, basi *its*.

*There* haina ritifaa lakini huingia kwenye mkanganyo huu. Ndani yake kuna *here*, na *where* nayo ina *here*. Zote tatu ni za mahali. *Their* ina *heir* ndani yake, yaani mrithi, mwenye mali.

Dalili: sauti ni moja kabisa, herufi chache tu zinatofautiana

Hapa sikio haliwezi kabisa, wala aina ya neno haikusaidii kila mara. Ni kazi ya kumbukumbu, na kumbukumbu inahitaji ndoano. Shida ni kwamba ndoano tunazopewa zimetengenezwa kwa Kiingereza. Unaambiwa *principal* huishia na *pal*, rafiki, kwa hiyo ni mkuu wa chuo. Mtu asiye na *pal* katika msamiati wake wa kila siku amepewa neno la tatu la kukumbuka. Tengeneza ndoano zako kwa Kiswahili.

*Stationary* yenye *a* ni iliyosimama, na *simama* imejaa *a*. *Stationery* yenye *e* ni vifaa vya kuandikia, kama penseli. *Principle* ni nomino tu, maana yake kanuni, haiwi kivumishi kamwe. Kwa hiyo ukiwa na maana ya "kuu" au "mkuu", ni *principal*. *Complement* ina *comple* ya *complete*, yaani kukamilisha. *Compliment* yenye *i* ni sifa. Jozi hii ya mwisho ilitokana na kitenzi kimoja cha Kilatini, kama vile *flour* na *flower* zilivyokuwa neno moja kabla tahajia haijazitenganisha. Si ajabu basi zikigongana.

*Passed* na *past* zina kipimo chake. Tafuta kama sentensi tayari ina kitenzi kingine. *He walked past the house*: *walked* ndicho kitenzi, basi *past*. *He passed the house*: hakuna kingine, basi *passed*.

*Led* huandikwa kimakosa *lead* kwa sababu mbili zinazosaidiana. Kwanza, madini ya risasi huandikwa *lead* na kutamkwa "led". Pili, *read* ya wakati uliopita huandikwa *read* na kutamkwa "red", kwa hiyo akili inaona ni haki *lead* nayo ifanye hivyo. Haifanyi. Aliongoza ni *led*, daima.

*Though*, *through*, *thorough* na *thought* si za sauti moja, ila jicho huzichanganya vilevile. Zitamke kila unapoziandika: "dho", "thru", "thara", "thot". Yenye *r* mapema ni ya kupenya; yenye *o* kabla ya *r* ni ya ukamilifu; yenye *t* mwishoni ni wazo.

Dalili: shina ni moja, mkia tofauti

*Economic* ni ya uchumi. *Economical* ni ya kubana matumizi. *Historic* ni ya kihistoria kwa uzito wake. *Historical* ni ya zamani tu. *Sensible* ni mwenye busara. *Sensitive* ni mwepesi wa kuguswa. *Industrial* ni ya viwanda, *industrious* ni mchapakazi. *Considerable* ni kubwa, *considerate* ni mwenye kujali wengine. Usijifunze neno hapa bila jirani yake: *economic crisis*, *economical car*, *sensible decision*, *sensitive skin*. Jirani ndiye anayelibeba. *Personal* na *personnel*, *moral* na *morale*, *human* na *humane* zinatofautishwa na mkazo, ambao katika ya pili huhamia mwishoni.

Dalili: kamusi mbili zinapingana

Hapa huenda hujakosea. Kwa Uingereza, *practice* na *licence* ni nomino, *practise* na *license* ni vitenzi, kwa mfano uleule wa *advice* na *advise*. Kwa Marekani, *practice* na *license* hutumika kwa yote mawili. Kamusi ya Noah Webster ya mwaka 1828 ilichangia sana kuimarisha tahajia za Kimarekani. *Metre* na *meter*, *cheque* na *check*, *tyre* na *tire*, *storey* na *story* zimo humu. Chagua upande mmoja, weka lugha ya programu yako ifanane nao, usichanganye ndani ya waraka mmoja.

Dalili: umekariri jozi, na sasa unachanganya zaidi ya mwanzo

Hii huwapata wenye bidii. Ulikuwa unaandika *stationery* vizuri bila kufikiri, kisha ukasoma orodha inayoziweka mbili ubavu kwa ubavu, na tangu siku hiyo huachi kusita. Maneno mawili yaliyojifunzwa kwa pamoja hufungana, na ukiita moja linakuja na mwenzake.

Yatenganishe. Katika kila jozi chagua neno moja, lile unalolihitaji zaidi katika kazi yako, ulishike peke yake: liandike katika sentensi zako za kweli, na jirani zake, mpaka mkono uliandike bila kuuliza. Mwenzake usimguse mpaka hapo. Ukikutana naye njiani, mtambue kuwa si yule unayemjua, uende kwenye kamusi.

Kisha andaa orodha yako binafsi, fupi, ya maneno uliyowahi kukosea wewe, na si ya mtu mwingine. Kabla ya kutuma waraka wowote wenye uzito, tumia kitufe cha kutafuta cha programu yako na ulitafute kila neno kwenye orodha hiyo, pande zote mbili za jozi. Kila linapotokea, simama ulipime kwa kipimo chake: njeo kwa *affect*, kufungua ritifaa kwa *its*, kitenzi kingine kwa *past*. Jozi ambayo imepita nyaraka nyingi bila kosa, ifute kwenye orodha, uweke nyingine.